Pampu Inayokula Hewa

Jumatatu, 3 Machi

Mtayarishaji wa redio (nimempa jina la Chapuchapu, mwenyewe hajui) amenirudishia sehemu ya kwanza ya hadithi. Anasema nasoma vizuri, ila msichana wa hadithi anaagana na mama yake huku ndege inapaa. Ndege yenyewe ni kompyuta yangu. Feni tatu, zikishapata moto zinanguruma chumba kizima. Na chumba ndiyo studio: magodoro mawili ukutani, blanketi mlangoni, maiki, kompyuta, mimi. Niiweke wapi? Juu ya paa?

Jumamosi saa tatu asubuhi anakuja mwenyewe kunisikiliza nikirekodi. Akisikia ndege tena, hadithi anapewa msomaji mwingine.

Basi nimeamua. Naipoza kwa maji. Maji yanazunguka kwenye mirija, yanabeba joto la kompyuta, yanapita kwenye rejeta kama ya gari, ila ndogo, yanapoa, yanarudi. Vifaa nimevikusanya tangu mwaka jana, kimoja kimoja. Kasoro pampu! Na pampu ndiyo moyo wa mambo yote, na mimi siijui hata kwa sura.

Cha kuchekesha: chumba cha pili kuna mtu aliyelea pampu za mtambo wa maji miaka thelathini na minane. Baba. Lakini Baba tangu astaafu hasemi. Si ugonjwa, daktari kathibitisha. Anaamka alfajiri, anavaa kama anakwenda zamu, anakaa kwenye kiti cha ukumbini. Maneno yake ni matatu: Umeamka. Chai. Haya. Hilo la mwisho ndilo analolitumia zaidi.

Sikumwuliza. Naanzaje kumwambia nataka kutia maji ndani ya kompyuta?

Jumanne, 4 Machi

Dukani. Muuzaji kijana wa miwani, amenitolea aina mbili. Moja ndogo, ya mraba, kama kiberiti kilichonenepa — ina nguvu kweli. Nyingine ya duara, ukubwa wa kikombe, mpole wa mwendo. Nikauliza ipi. Akauliza maji yangu yanapanda kiasi gani. Nikapima kwa mikono hewani: hapa mpaka hapa. Akasema kama yanapanda, chukua yenye nguvu, usijutie.

Nilikuwa nimesoma mtandaoni pia. Kurasa kumi na moja za watu wazima wakitukanana kwa ajili ya pampu! Mmoja kaandika ile ya duara ni ya wastaafu.

Nimechukua ya mraba.

Jumatano, 5 Machi

Nimeijaribu mezani, na beseni, mbali na kompyuta. Inalia. Mbu. Mbu aliyepewa kipaza sauti.

Nilikuwa na ndege, sasa nina mbu. Maendeleo.

Alhamisi, 6 Machi

Lazima niandike yote kabla sijasahau.

Asubuhi nimewasha tena, labda usiku imejirekebisha yenyewe (ndiyo, hivyo ndivyo nilivyowaza). Mbu yule yule. Nikiwa nimeinama juu ya beseni, safari hii sakafuni, nikaona blanketi la mlangoni linasogezwa. Baba. Hajaingia chumba hiki tangu nigongelee magodoro.

Akasimama, kichwa kakiinamisha upande mmoja. Akasema:

"Inakula hewa."

Nikamwuliza nini. Akajikunja chini, magoti yakilia, akaangalia mrija, akaangalia tangi dogo la maji, akaniangalia mimi kama anayemwangalia mtu aliyemvisha mtoto viatu kichwani. Tangi nilikuwa nimeliweka chini ya pampu. Akalipandisha juu yake, akaiinamisha pampu huku, akaiinamisha kule, akaigonga kidogo kwa kiganja. Mapovu yakatoka msururu mzima. Mbu akapungua nusu!

Kisha akaomba bisibisi. Akaweka ncha kwenye pampu na mpini sikioni, macho kafumba. Alipofumbua macho akatikisa kichwa. Hewa imekwisha, akasema, kelele iliyobaki ni tabia yake, inazunguka mbio kuliko kazi iliyopewa.

Nikajitetea: maji yanapanda, muuzaji kasema. Hapo Baba akakaa vizuri sakafuni na kunieleza, na mimi nasikiliza kama niko darasa la tatu. Mji una mlima, maji yanapelekwa juu na hayarudi, ndiyo maana pampu za mji zina nguvu. Hapa maji yanazunguka. Yanayoshuka upande huu yanayavuta yanayopanda upande ule. Kwa hiyo mlima haupo, kuna kona za mirija tu na vijia vyembamba vya rejeta.

"Umenunua trekta la kulimia chungu cha maua," akasema.

Sentensi nzima! Yenye utani ndani!

Nikacheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka, ila aliuliza duka liko wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Baba kavaa koti lake la kazi, kalamu mfukoni. Barabarani alinitangulia hatua tano, mimi ndiye ninayejua njia.

Dukani akamwomba muuzaji amwonyeshe ile ya duara ikizunguka. Muuzaji akasema Mzee, iko kwenye boksi, zote ni sawa. Baba akasema hakuna pampu mbili zilizo sawa, na akasimama pale pale. Hakukasirika. Alisimama tu, kama mtu mwenye zamu ya kutwa nzima. Mwishowe beseni likaja.

Ya kwanza aliisikiliza kwa bisibisi akairudisha: inakwaruza kwa ndani. Muuzaji naye akaweka sikio, akasema anaisikia. Simwamini. Ya pili Baba aliisikiliza muda mrefu zaidi, akaomba ipunguzwe mwendo, ikapunguzwa, akaomba tena. Wateja wawili wakaacha walichokuja kununua. Akasema hii. Tukabadilishiwa bila maneno, na wakati wa kutoka muuzaji hakumwita Mzee tena. Kamwita Fundi. Baba kasema haya, lakini haya ya leo ilikuwa na mabega yaliyonyooka.

Saa kumi alasiri tumemaliza kuifunga ndani ya kompyuta, juu ya kipande cha sponji ili isitetemeshe chuma. Nikanyoosha kidole kuwasha. Akanishika mkono.

Saa ishirini na nne kwanza, anasema. Pampu pekee ndiyo izunguke, kompyuta ikae bila umeme, tishu chini ya kila kiungio cha mirija, zionyeshe kama kinavuja. Kazini kwake bomba jipya halikupokelewa kabla ya siku nzima. Nikamwambia Chapuchapu anakuja asubuhi, tutakuwa tumefikisha saa kumi na saba tu.

"Maji hayajui Jumamosi."

Tumegombana. Kidogo. Ni mara ya kwanza tunagombana tangu astaafu, na nalala nikiwa na furaha isiyo na maana.

Jumamosi, 8 Machi

Saa kumi na mbili. Baba yuko sakafuni na tochi. Tishu zote kavu.

Saa moja na nusu. Doa chini ya pampu! Baba akaokota tishu, akainusa. Chai. Yake mwenyewe. Kikombe kimehamishiwa ukumbini.

Saa tatu kasoro. Chapuchapu kafika, kabla ya muda kama kawaida. Baba ndiye aliyefungua. Nilimsikia akimwambia avue viatu na kwamba mtambo uko kwenye majaribio mpaka saa kumi. Chapuchapu akatazama saa yake, akanitazama mimi. Nikatazama dari.

Akaingia, akauliza mbona kompyuta haijawashwa. Baba akamwambia pampu inazunguka tangu jana. Chapuchapu akapiga magoti, akasogeza sikio mpaka karibu liguse tangi. Akabaki hapo akitafuta sauti asiyoipata. Kisha, sijui ni adabu au nini, akamwuliza Baba pampu kubwa kuliko zote aliyopata kuishika ilikuwaje.

Saa nne na robo. Bado anajibu! Naandika kwa penseli kwa sababu kalamu inakwaruza. Maiki imekufa, inategemea kompyuta, kwa hiyo simu yangu iko chini ya mto wa kiti, inarekodi. Chumba kimya kabisa, sauti ya Baba peke yake. Sikujua ni nzito hivi. Chapuchapu kavua saa, kaitia mfukoni. Ameinama kuninong'oneza:

"Usimkatishe."

Baba yuko kwenye siku yake ya kwanza kazini. Ndiyo kwanza amefika getini, na mlinzi anakataa kumfungulia.