Mara 311 na Jedwali la Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri anataka niandike habari za mtafiti anayenukuliwa kuliko wote chuoni. Nikamwambia huyo kamwoa mdogo wangu. Akasema vizuri, basi hutapotea njia kwenda kwake. Kamati ya vyeo inakaa Ijumaa saa nne kumfanya profesa. Mdogo wangu keshachongesha kibao cha mlangoni. Kakifunga kwenye taulo, kabatini — asije akaonekana ana haraka.

Jumanne, 4 Machi
Ofisini kwa shemeji. Kompyuta iko wazi kwenye ukurasa unaohesabu nani kamnukuu. Huutazama kama wengine wanavyotazama kioo. Makala moja ndiyo inayombeba: wagonjwa 41 wa baridi yabisi walitolewa kwenye sindano ya kampuni iliyoivumbua, wakapewa dawa mfanano — si ileile, ni nduguye, na bei yake nafuu. Wakakaa salama miezi 12. Makala imenukuliwa mara 311.
"Andika kwa tarakimu, shemeji," akasema. "Kwa maneno inapungua uzito."

Jumatano, 5 Machi
Nimeisoma makala yote. Nadhani nimekuwa wa kwanza.
Muhtasari unasema miezi 12. Jedwali la tatu, ukurasa wa saba, linaishia wiki ya 24. Baada ya hapo hakuna aliyepimwa. Nimehesabu kwa vidole ili nisimwonee mtu: nusu mwaka.
Nikafungua makala sitini zilizomnukuu. Hamsini na nane zimeandika miezi 12. Mbili zimekosea hata jina lake. Nikampigia daktari aliyemnukuu mara nne, nikamuuliza kama aliliona jedwali.
"Dada, kama watu mia tatu wameisoma, mimi niisome ya nini?"
Hoja nzito.

Alhamisi, 6 Machi
Jioni kwao. Nimeweka jedwali mezani. Shemeji hakuligusa. Anajua. Muhtasari aliuandika mapema, kwa ajili ya mkutano; utafiti ukakatika katikati; muhtasari haukuambiwa.
"Niligundua zilipokuwa nukuu themanini," akasema. "Nikajiambia zikifika mia nitasahihisha. Zilipofika mia ikawa aibu."
Na sasa?
"Masahihisho hayanukuliwi, shemeji. Na kamati inahesabu."
Mdogo wangu, anapanga vikombe: mficha maradhi, kifo humuumbua. Halafu akauliza, polepole, kama fundi hupokea kibao kikirudishwa.
Nikamkumbusha mumewe kwamba hili si la kibao. Jumatatu hospitali kuu inaanza mwongozo mpya: anayehamishiwa dawa hii atarudi kupimwa baada ya mwaka, si kila miezi mitatu tena, kwa kuwa imethibitika ni salama. Imethibitika na nani? Nikaufungua kwenye simu nimwonyeshe. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba.
Rejeo la kwanza: yeye.
Rejeo la pili: gazeti letu, ukurasa wa afya, miaka miwili iliyopita. "Mwaka Mzima Bila Shida." Jina langu chini yake. Nakumbuka nilivyoiandika ile habari. Nilisoma muhtasari. Ulikuwa umeandikwa vizuri.
Shemeji akanivutia kiti.
"Karibu kwenye orodha," akasema.
Hotuba nikaimeza na chai.

Ijumaa, 7 Machi
Mhariri kapiga saa moja. Habari ya profesa iko wapi? Nikamwambia iko jikoni. Nikamwambia pia kuna habari yetu ya zamani inataka masahihisho. Akasema tuzungumze Jumanne, ukurasa wa Jumatatu umejaa.
Shemeji kafika saa mbili, na suti ya kikao. Ana barua kwa jarida, nakala kwa hospitali. Mistari mitano: wiki 24, si miezi 12, kosa ni langu. Imenyooka, hata neno moja la kukata sikuliona. Mtu huyu angeandika hivi tangu mwanzo tungekuwa tumelala usingizi. Kaniomba kalamu, katia sahihi nakala zote mbili hapa mezani pangu.
Saa tatu na robo. Bado yupo. Kamaliza chai, anageuza kikombe.
Pa tarehe kapaacha wazi.
Nikamuuliza, leo tarehe ngapi, shemeji?
Akaniuliza barua yangu, ile ya gazeti, iko wapi.