Mwezi Ukiwaka, Njoo na Mbao Ndefu

Sindo,
Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri.

Kwako ndugu yangu Yassir,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na wanangu wote wawili, na kwamba ule ubavu uliougonga kwenye mwamba umepoa na umejifunza adabu. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila kikohozi cha vumbi, na hicho wakati huu wa jua huku ni jirani wa kila mtu. Mama nilimsikia kwenye simu juzi. Sauti ilikuwa ile ile ya kuamrisha, nikajua hajambo. Mbusie mkono kwa niaba yangu.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa dada yako siku hizi za simu. Sababu ni hiyo hiyo simu. Wewe umezoea kuiweka sauti ya nje, na kila nikikupigia nasikia kijiko cha Mama kikikoroga chai pembeni yako. Nina maneno nataka uyasome wewe kwanza, peke yako, umekaa. Ndiyo maana nimeituma kwa basi kutoka Homa Bay na kumwomba kondakta akukabidhi mkononi.

Najua safari yako imeiva. Unakuja na wanafunzi wako wa kupanda mawimbi, mbao zenu zimefungwa juu ya pikapu, mjaribu ziwa letu kwa siku mbili. Mkilipenda, utakuwa unaleta wageni kila mwaka. Na najua Mama amekwisha kupanga marejeo: mkija, pikapu inabeba mbao, mkirudi, inanibeba mimi, na masufuria yangu, na jiko langu la mahamri. Ameniandikia ujumbe mfupi, hata salamu hakuweka: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwake yeye, tangu marehemu mume wangu Athmani afariki miaka mitatu iliyopita, kila siku ninayofungua hoteli yangu hapa Sindo ni siku ya ukaidi. Jawabu la hilo nitakupa humu humu, lakini mwishoni. Usirukie mwisho, Yassir. Nakujua.

Kwanza hali ya mawimbi, maana ndiyo uliyonituma.

Asubuhi usijisumbue kutia mguu. Upepo wa asubuhi unatoka nchi kavu, milimani, na ziwa linalala kama uji uliopoa. Ikifika saa sita linaanza kukunja uso. Saa nane kwenda saa tisa upepo unageuka, unatoka majini kuja kwetu, na hapo ndipo mawimbi yanasimama. Siku ya kawaida ni ya kiuno. Siku upepo ukikasirika ni ya kifua, na nimeona moja mawili yaliyompita Dorine kichwa. Dorine ni binti wa rafiki yangu Damaris, na hupanda mawimbi juu ya ubao wa sakafu uliong'olewa kwenye mashua kuukuu. Hana mwalimu wala kamba ya mguuni, lakini anasimama wima kama anangoja kuhudumiwa dukani. Ukimwona utataka kumfundisha. Nakushauri umtazame kwanza.

Usitarajie wimbi la kwetu Malindi, lile linalotoka mbali na kukupa nafasi ya kufikiri. Haya yanafuatana kama watoto wanaotoka madrasa: ukimkwepa mmoja, wa pili amekwisha kukukanyaga. Inabidi uwe mwepesi. Na umeniuliza mara tatu maji yanajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi, nami mara tatu nimekujibu kwamba ziwa halijai wala halipwi, ukaona labda dada yako hatazami vizuri. Nilimpelekea swali lako mtu anayelijua ziwa hili tangu utoto wake. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta machozi, akasema ndugu yako ana haki ya kuuliza, hata yeye angefika kwenu angeuliza bahari inakwenda wapi ikipwa.

Maji ni ya uvuguvugu, hata jioni. Yale mavazi yenu ya mpira yaacheni nyumbani. Tena hayana chumvi, macho hayawashi. Lakini kwa kuwa hayana chumvi, hayabebi mtu kama bahari inavyobeba. Mjuzi wangu ndiye aliyenieleza hili, na nilipombishia akaweka yai kwenye bilauri ya maji ya ziwa likazama, akaongeza chumvi ya jikoni kwangu likaelea. Chumvi nyingi, na hakuilipia. Kwa hiyo, Yassir, njoo na mbao ndefu na nene. Zile fupi za kujionyesha mbele ya wazungu ziache huko.

Hakuna masika yasiyo na mbu, basi nikwambie na mabaya. Kwenye mafunjo msikaribie: kiboko ana makazi yake huko na hapendi ziara. Maji yaliyotulia pembeni yana kichocho, lakini pale penye mchanga, mawimbi yanapopiga, pana nafuu zaidi. Hata hivyo mkimaliza nendeni zahanati mkaulize habari ya dawa, msione aibu. Magugu ya majini huletwa na upepo na huondolewa na upepo. Leo yamejaa, kesho hayapo, hakuna awezaye kuyaahidi. Na la muhimu kuliko yote: ukiwa majini, kila mara tazama kisiwa cha Mfangano. Kikionekana, cheza. Kikifutika, mvua ya radi iko njiani na inakuja haraka kuliko unavyopiga makasia. Toka, usiage wimbi la mwisho.

Sasa tarehe, na hapa ndipo tulipokosana na hesabu zako. Umechagua siku za giza, mwezi unapokuwa umekwisha, kwa sababu ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Kwenu ni sawa, mwezi unavuta maji. Huku mwezi hausogezi maji hata kidogo. Unasogeza watu. Omena, hawa dagaa wa ziwani, wanavuliwa gizani, kwa taa: taa inawaita, wavu unawazoa. Mwezi ukiwaka taa haina kazi, na mashua zinapumzika ufukweni. Basi katika siku zako hizo za giza, kuanzia alfajiri, mchanga wote unatandikwa nyavu kuukuu na omena wanaanikwa juu yake, hakuna pa kukanyaga. Na mchanga huo ndio hasa mbele yake mawimbi yanasimama vizuri. Upepo mnaoupenda nyinyi ndio huo huo unaowakausha omena. Mngefika na mbao zenu tarehe ile, mngekuwa mmewaingilia wanawake hawa jikoni.

Nilikwenda kumwona Damaris, ambaye ndiye mkuu wa waanikaji, nikamweleza shida yako kwa upole wote. Wao huniita Nyar Malindi, yaani binti wa Malindi. Alinisikiliza huku akigeuza omena kwa fagio, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akasema:

"Nyar Malindi, ambia ndugu yako siku za giza hapana. Giza ni ya omena. Lakini mwezi ikiwaka, hiyo beach yote ni yake, hata mimi nitaleta kiti."

Basi sogeza mbele majuma mawili. Jumamosi ya kwanza ya Oktoba mwezi utakuwa umekaribia kujaa, mashua zitakuwa juu mchangani, wanaume hawana kazi na wanawake wana nafasi ya kusukana. Mjuzi wangu anasema upepo wa alasiri utakuwa bado una nguvu, na mvua za vuli kwa kawaida hazijashika kasi. Anasema pia kwamba mwenye kuapa juu ya ziwa ni mwongo au mgeni. Lakini matumaini ni makubwa. Vijana wanapiga msasa mbao za mashua, Damaris na wenzake wameshapanga kupika, na kuna dereva wa lori la miwa kutoka Awendo ambaye kila akipita kula mahamri ananiuliza kama wale watu wa kutembea juu ya maji wamefika.

Sasa umefika mwisho bila kuruka, au umeruka na umerudi. Tuzungumze.

Utakuwa umejiuliza huyu mjuzi wangu ni nani. Anaitwa Bashir. Ni Mjaluo na ni Mwislamu, mtu wa Kendu Bay, ambako watu wamekuwa wakiswali tangu enzi za babu zao. Usije ukamwambia Mama kwamba nimemsilimisha mtu kwa mahamri. Ana mashua mbili za omena. Mkewe alitangulia mbele ya haki kabla ya Athmani, na mabinti zake wameolewa. Nilimfahamu kama ninavyowafahamu wateja wote, chai isiyo na sukari na mbaazi nyingi, mpaka uliponituma wewe. Ni wewe, Yassir, uliyetaka kila asubuhi nikuletee habari za upepo wa usiku na mawimbi ya jana. Ningezipata wapi, mimi mwanamke wa jikoni? Nikawa nateremka ufukweni mashua zikirudi, namuuliza, naye anajibu. Nikarudi na majibu, nikakuandikia. Imekwenda hivyo miezi.

Kisha ukaniambia inatosha, umepata hesabu zako, nisijisumbue tena. Asubuhi yake nikajikuta nimesimama pale pale ufukweni. Bashir alishuka na karai begani, nikamuuliza usiku ulikuwaje. Akanitazama, akasema:

"Si ulisema ndugu yako ametosheka? Sasa leo unaulizia nani?"

Nilitafuta uongo, ndugu yangu, na wallahi sikuupata. Nikamwambia, "Naulizia mwenyewe."

Hakucheka. Aliweka karai chini, akasema usiku ulikuwa mtulivu, na kwamba amefika salama. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananiambia hilo la mwisho hata kabla sijauliza. Nami nikiamka usiku nikasikia upepo umebadilika, silali tena mpaka nisikie mashua. Nilikuwa nimesahau kwamba moyo wangu unaweza kufanya kazi hiyo. Naona haya kukuandikia mambo haya, mimi niliyekufunga vifungo vya shati, lakini nimefurahi, Yassir. Nimefurahi na siwezi kuificha.

Ameniposa. Nami nimemjibu kwamba mwenye kusema neno la mwisho ni ndugu yangu. Baba hayupo, walii wangu ni wewe. Najua ungeweza kutuma idhini kwa simu na kadhi akamaliza. Sitaki. Nataka uje ukae naye, umtazame machoni, umuulize unayotaka kumuuliza, na ukiridhika uushike mkono wake wewe mwenyewe. Na usiporidhika uniambie sababu ana kwa ana, nami nitakusikiliza, ila nakuonya kwamba yule mtu anafahamu mawimbi na utamaliza siku mbili unambishia na kucheka naye. Tarehe niliyokupa ni ya omena kweli, Damaris ni shahidi. Lakini ni kweli pia kwamba siku hizo za mwezi Bashir halali ziwani.

Mwambie Mama, kwa maneno unayoyajua wewe kumlainishia, kwamba ile hofu yake ya kusikia wajane wa huku wanarithiwa aiweke chini. Hakuna aliyenirithi. Nimeulizwa, na nimejibu. Na akikurudia kwamba marejeo ni ngamani, mwambie ni kweli, mwanao amekwenda tezi, amekwenda omo, na ngama yake ameikuta Sindo. Atalia kidogo, kisha atauliza mahari ni nini. Akifika hapo ujue tumevuka. Mwaka ujao nitamletea mkwe wake amtazame mwenyewe, naye Bashir aone bahari inakwenda wapi ikipwa.

Ile nafasi niliyowekewa garini wakati wa kurudi nimekwisha kuijaza. Ni gunia la omena wa Damaris, waliokaushwa kwa upepo wenu huo huo, zawadi ya Mama, ambaye husema hali samaki wa ziwani. Muwekee tu jikoni, ondoka.

Nisalimie mkeo na uwabusu wanangu, wape pole wanafunzi wako kwa kubadilishiwa tarehe, na majirani wote wa mtaani kwetu wanaoniulizia waambie nawaombea heri. Damaris anakusalimu, Dorine anauliza kama kweli kuna watu wanafungwa kamba mguuni. Mwenyewe Bashir hajathubutu kutuma salamu, lakini amesimama hapa mlangoni tangu nianze ukurasa huu, anajifanya anatazama mawingu.

Njoo mwezi ukiwaka. Mbao ziwe ndefu, na katika mizigo yako ongeza kanzu nyeupe, iliyopigwa pasi.

Dada yako akupendaye,
Mwanamvita