Injini Niliyokataa Kuibadilisha

Afande Drani,

Leo nimeifungua ile injini kwenye mtumbwi wetu, nikaibeba begani kutoka majini mpaka juu ya mwalo wa Kasenyi. Nataka uisikie habari hii kwangu mimi mwenyewe.

Siku uliposafirishwa kwenda kuzikwa kwenu Arua, nilisimama nyuma ya lori. Wenzako wa jeshi walikupigia saluti. Mimi nilikuwa bado na tope la ziwa kwenye kucha.

Unakumbuka nilivyofika hapa? Mtu wa Kyarumba, nimezoea kubeba kahawa kichwani kwenye vijia vya mlimani, naogopa hata maji ya mto. Wewe ulikuwa umetoka jeshini, umeoa kwetu, lakini lugha yetu ya Lukonzo imekushinda, na Kilugbara chako sikijui. Ikabidi tuelewane kwa Kiswahili cha kambini. "Kaa chini! Shika kamba! Vuta!" Hivyo ndivyo nilivyojifunza ziwa. Tukachanga, tukanunua ile injini ikiwa tayari imezeeka, ukaiita Muzee.

Kisha ukaanza kusema tuibadilishe. "Bwambale, hii Muzee imechoka. Siku moja itatuacha kwa maji." Nikakujibu, bado kidogo, ngoja watoto wangu wamalize mwaka wa shule. Ulisema mara tatu. Wewe uliyezoea kutoa amri, ukanitii mimi.

Asubuhi ile tulikuwa tumeshavuta nyavu, kiboko akaibuka karibu. Nilivuta kamba ya kuwashia. Ikakohoa. Nikavuta tena, na tena. Ukasema, "Toka hapo, mimi navuta." Tukabadilishana nafasi. Afande, tulibadilishana nafasi. Kiboko akauinua mtumbwi kwa upande wako, ukapinduka. Mimi nilipata dumu tupu la mafuta, nikaling'ang'ania. Wewe sikukuona tena mpaka siku ya pili, kwenye matete.

Mtumbwi ulipovutwa nchi kavu na injini yake, fundi aliisafisha, akaweka plagi mpya, ikawaka kwa mvuto mmoja. Nikawaambia watu, mnaona, ni nzima. Ningeibadilishaje? Wangejua kwamba ilikuwa mbovu, na kwamba ulikuwa umeniomba. Nikaendelea nayo, miaka miwili na zaidi. Na kila ilipokohoa nilijisogeza pembeni kukupisha, mwili wenyewe ukisogea. Isaya, ninayevua naye siku hizi, aliniuliza, "Unampisha nani?" Nikasema nakwepa moshi. Lakini harufu ya tumbaku yako ilikuwa pale pale, na sauti yako: toka hapo. Kuna siku nilitoka kabisa, nikakaa mbele, mtumbwi ukielea bila mtu kwenye usukani.

Wiki iliyopita mkeo Masika alikuja. Amerudi kwao Bwera, anauza samaki sokoni mpakani. Samaki wa hapa walikuwa wachache, akaomba nimpeleke mwalo wa ng'ambo. Tulipofika katikati ya ziwa, Muzee ikazima. Nikavuta mpaka kiganja kikachubuka. Masika alishika ukingo kwa mikono miwili, akinitazama ninavyojisogeza pembeni.

Hapo nikamwambia yote. Kwamba uliomba, kwamba nilikataa, kwamba nafasi ile uliyofia ilikuwa yangu.

"Najua, shemeji," akasema. "Aliniambia mwenyewe. Alisema Bwambale iko na watoto kwa shule, tungoje. Yeye alikubali kungoja. Sasa weye unangoja nini? Unangoja hii kitu iue na mimi?"

Tulipiga kasia mpaka nchi kavu, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine.

Injini mpya nimeileta jana kutoka Kinyamaseke, imefungwa kwa kamba nyuma ya bodaboda. Hii haitaki kuchanganyiwa oili na petroli, haitoi moshi, na inanguruma kwa chini hata nikasikia maji yakipiga ubao. Utulivu ule umenitisha kidogo. Mvuvi mmoja aliitaka Muzee kwa mtumbwi wake. Nikakataa. Fundi ameivunja mbele ya macho yangu, na vyuma vyake vimekwenda kwenye chakavu. Hakuna atakayeingia nayo majini tena.

Afande, kuna jambo moja bado. Mama yako hajui. Kila Krismasi hunipigia simu kutoka Arua, ananishukuru kwamba nilikutafuta kwenye matete mpaka nikakupata. Ananiita mwanangu. Nami huitika.

Nakuaga sasa, kaka yangu wa majini. Ukitaka kuja mtumbwini, njoo. Sitajifanya tena kwamba sikusikii. Na hili nakuahidi: mvua hizi zikikatika nitapanda basi, nitakaa chini mbele ya mama yako, nimweleze yaliyotangulia kiboko. Akinifukuza, nitaondoka. Lakini akiniita mwanangu tena, awe ananijua.

Bwambale