Maneno ya Kithai Niliyomfundisha Shangazi

Ijumaa. Joto la leo hapa Nizwa, Uarabuni, unakaanga yai juu ya boneti ya gari.

Tuseme ukweli: kutoka hapa mpaka Sur hajazaliwa mtu wa kunishinda mimi kwa Kithai. Wathai wenyewe wakinisikia wanatoa daftari. Shule niliiacha darasa la kumi kabla haijaniacha yenyewe, na sasa nanyoosha mabodi ya magari kwenye gereji ya Firq, lakini ulimi wangu, wallahi, ni wa balozi.

Ndiyo maana Shangazi Zuwena kanijia leo baada ya sala, na sahani ya halua na daftari la mjukuu wake. Jumapili anampeleka mumewe, Ami Seif, Bangkok kupasuliwa mgongo, na hajui hata kuomba maji.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Haya mwalimu, nipe maneno. Na usinifundishe matusi, nakujua!"

Nikampa. Sawatdii, salamu, mwanamke amalizie kha, mwanamme khrap. Yeye akashikilia khrap, nzito kama askari wa getini. Khop khun, ahsante. Hong nam yuu nai, choo kiko wapi. Hilo ulishike kuliko jina lako, nikamwambia. Mai kin muu, sili nguruwe. Thao rai, bei gani, na wakishakutajia unasema phaeng maak, ghali mno, huku umekunja uso. Kukunja uso Shangazi hakuhitaji mwalimu.

Mai pen rai, haidhuru.

Hapo nikamkumbuka Bibi, mama yake Shangazi, Allah amrehemu. Miaka mitatu nyuma mimi ndiye niliyempeleka Bangkok kufanyiwa operesheni ya nyonga. Wengine wote walikuwa na kazi. Mimi nilikuwa na nafasi.

Zile wiki tatu ndizo tamu kuliko zote nilizoishi. Bibi anamsemesha muuguzi Noi Kiswahili cha Malindi, Noi anamjibu Kithai, na wanaelewana kuliko mimi na baba yangu. Kila Noi akija ananifundisha neno, na mimi jioni ileile nalipeleka sokoni. Siku moja nikarudi na wali wa nazi wenye embe. Bibi akaonja, akatikisa kichwa: hawa wametuibia wali wetu, wakautia sukari! Akaumaliza.

Nikimwaga chai, Bibi ananiambia "mai pen rai, babu." Mpaka leo naisikia.

Shangazi akafungua ukurasa mwengine. "Na wakitaka kujua kama anaumwa?"

Jep mai, nikamwambia, ndiyo unaumwa? Mai jep, haumwi. Jep maak, anaumwa sana.

Akaandika. Mimi nikairudisha halua sahanini, na mimi kurudisha halua ni habari.

Kwa sababu Noi alikuwa akiniuliza hilo kila asubuhi. Namgeukia Bibi: unaumwa? Na Bibi ni wa wale wa zamani, mguu ukatike watakwambia hawajambo. "Alhamdulillah, mwanangu." Namgeukia Noi, kifua mbele: mai jep khrap. Noi anaandika, anaondoka na dawa yake ya maumivu.

Asubuhi tisa.

Ya kumi, Noi alipomwinua kumfanyisha mazoezi, aliona pindo la kanga ya Bibi limetafunwa, matundu ya meno kila mahali. Hakunigombeza. Alileta sindano, Bibi akalala mpaka alasiri, uso wake umelegea kama wa mtoto.

Leo nimemwambia Shangazi: Ami akisema Alhamdulillah, usiifasiri, mtazame uso. Akauliza kwa nini. Nikasema ndivyo Wathai wanavyotaka. Akacheka, akakunja daftari, akaenda zake.

Nimebakiwa na kesho tu ya kumwambia kweli kabla hajapanda ndege. Sijui nitaanzia wapi, basi naanzia hapa karatasini.

Si kwamba sikujua. Mimi nimelelewa nyumba ile, Alhamdulillah ya Bibi naijua. Na ile kanga niliiona tangu siku ya tatu. Jep maak nilikuwa nalo mdomoni. Ila nilijua nikilisema ataitwa daktari, ataniuliza maumivu yako wapi, tangu lini, yanakuja vipi, na hapo Kithai changu kinakwisha, mbele ya Noi.

Basi nikamwacha Bibi aumwe.