Sauti ya Spika ya Kati

Ndola, Jumatatu

Mama, shikamoo.

Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto, na mtambo nilioujenga miaka mitatu, vilikatwa kwa shoka sebuleni kwako Lumemo, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, saa kumi jioni. Naanza na hilo kwa kuwa kwenye simu kila nikilifikia unaniambia mtandao unasumbua.

Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imekwisha? Nasikia mto ulipanda mpaka kwenye migomba ya jirani. Mpunga uliokuwa ndani ulipona? Mimi mzima kiasi. Kidonda kimefunga. Ila huku asubuhi kuna baridi, na vidole visivyokuwepo vinauma kuliko vilivyopo.

Barua hii anakuletea Mama Neema, yule muuza mchele wa karibu na stesheni anayevuka mpaka kuja huku kwa treni. Simu yako inapiga kelele mpaka nyumba ya pili, na Kaka Deo anakaa nyumba ya kwanza. Isome mwenyewe, mlango umefungwa.

Shangazi Ludovika kaniambia Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya misa, kuna kikao cha ukoo, na ajenda ni mimi. Kwamba nimemtoa Baba kaburini kwa mitambo yangu. Kwamba nisikanyage tena hapo, hata siku ya kukuzika wewe. Na kwamba ulipoulizwa ulisikia nini siku ile, ulijibu, "Makelele tu."

Makelele, Mama?

Nikueleze ule mtambo, usije ukasema hukuuelewa. Kwenye spika za watu wengine, amplifaya moja inasukuma sauti yote, na ni ndani ya kasha ndipo besi inatengwa na sauti nyembamba. Ni kama kubeba mpunga na pumba zake kutoka shambani, ukapepete nyumbani. Nguvu imeishia njiani. Mimi nilipepeta kwanza. Krosova yangu, kile kisanduku nilichokitengeneza kwa bati la biskuti, iligawa sauti kabla haijafika kwenye amplifaya. Sauti nzito, chini ya hezi mia tatu, ilikwenda kwenye besi. Nyembamba, juu ya elfu tatu, ilikwenda kwenye twita, kile kispika kidogo. Kilichobaki katikati, pale mtu anapoongelea, kilikwenda kwenye spika ya kati. Kila spika na amplifaya yake, tatu kulia, tatu kushoto, jumla sita. Hakuna aliyenifundisha. Niliunguza twita kumi na nne ndipo nikajua nakosea wapi.

Na mtambo wa hivyo haupimwi ukiwa unalia wote. Unawasha moja, unasikiliza, unazima, unawasha nyingine. Ndiyo kazi yenyewe. Sikuwa na jingine moyoni. Niliweka harusi ya Deo kwa kuwa ndiyo sauti pekee tuliyonayo ya siku ambayo Baba alikuwepo. Mkanda wenyewe uliliwa na mchwa, ikabaki ile flashi niliyohamishia.

Ulikuwa mkekani na ungo, unachagua mawe kwenye mchele. Deo alikaa kwenye kochi la Baba, miguu juu ya stuli. Nikawasha besi peke yake, ngoma tupu, mchele ukacheza kwenye ungo, ukacheka: "We Skola, utatubomolea nyumba!" Nikazima, nikawasha twita: kayamba na vijiko. Deo akasema, "Fundi gani huyu? Harusi yangu inalia kama panya kabatini." Tulicheka wote watatu. Ndiyo mara ya mwisho.

Nikawasha ya kati. Ilikuwa pale waimbaji wanapumzika, ngoma na kayamba zinaendelea, watu wanamtuza Deo na kumwita Muua Mamba. Ngoma ikasogea mbali, kana kwamba inapigwa ng'ambo ya mto. Na chini yake, mahali alipokaa miaka tisa bila mtu kumsikia, Baba akamwambia rafiki yake wa meza moja: "Waache wamwimbie. Mamba alipigwa na Skola. Huyu nilimwona kisogo."

Ungo ulikuponyoka, Mama. Mchele ulisambaa mpaka chini ya kabati. Mtu aliyesikia makelele tu haangushi ungo.

Deo alitoka. Akarudi na shoka la kuni.

"Umemtoa Baba kaburini aje anitukane!"

"Kaka, hiyo ni harusi yako. Ni Baba akiwa hai."

"Maiti haisemi! Mchawi wewe!"

Lilishuka mara kumi na moja. Nilihesabu, mimi huhesabu kila kitu. La kwanza lilipasua ile ya kati ya kulia, iliyokuwa inasema. La pili ya kati ya kushoto. Matatu yaliishia kwenye makasha ya besi, mninga niliouranda kwa mkono wangu. Mawili kwenye rafu ya amplifaya, cheche zikaruka, pazia lako likaungua. La nane na la tisa twita. Alipogeukia krosova niliifunika kwa mkono. Aliuona, Mama. Tulitazamana. Akashusha.

Kimoja kilibingirika mpaka kwenye mchele wako.

Na mimi si malaika. Mkono wa kulia nilikuwa na chuma cha kulehemu nilichokuwa naungia waya, bado cha moto. Nilimkandamiza nacho shavuni mpaka ngozi ikalia kama kitunguu kwenye mafuta, na sikukiondoa hadi alipoanguka. Lile kovu ni langu, silikani. Ningepata nafasi ningemtia jichoni, kwa maana najua jicho linavyoachisha meno. Hata hivyo aliinuka, na pigo la kumi na moja akalimalizia kwenye flashi, akaisaga na kisigino ikawa unga.

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Ulisema neno moja: "Basi." Mpaka leo sijui ulimwambia nani.

Ya Kivukoni unayajua, ila hujawahi kuyasikia kinywani mwangu. Tulikuwa watatu kwenye mtumbwi, tunatoa nyavu. Mamba alimkamata Baba paja, akamvuta majini. Deo aliruka ukingoni akakimbia. Mimi nilikuwa na upondo wa kusukumia mtumbwi. Nilimchoma mamba jichoni mara nne, ya nne upondo ulizama, akaachia. Nikamburuta Baba mpaka kwenye matete, nyama ya paja inaning'inia, maji mekundu mpaka kiunoni kwangu. Deo alirudi na watu na panga, akaanza kuyakatakata maji. Watu wakaona panga, wakaona damu, wakajumlisha wenyewe. Baba akaninong'oneza pale matopeni: "Mwachie kaka yako hili. Anaoa." Nikamwachia. Miaka tisa sijafungua mdomo. Aliyeufungua ni Baba mwenyewe, na shoka nikala mimi.

Huku nafanya kazi. Kuna mzee mstaafu wa mgodini nilimjengea spika tatu tatu kama zile. Siku ya kupima nikawasha amplifaya zote kwa pamoja. Akashangaa: "Binti, mafundi wengine huwasha moja moja."

Nikamwonyesha mkono. "Kwetu nilifanya hivyo."

Akacheka akidhani namtania. Sikumrekebisha. Kulehemu kwa vidole vitatu kushoto kunanichukua dakika arobaini kwa kazi ya dakika kumi na tano. Nimezoea.

Sasa tuhesabu mashahidi. Flashi imesagwa, Baba amelala, rafiki yake naye alishatangulia. Tumebaki watatu tuliosikia. Mmoja ni mshtaki, mmoja ni mshtakiwa. Wa tatu ni wewe.

Nisalimie Shangazi Ludovika, umwambie asinitetee kwa kelele, atajiumiza bure. Msalimie wifi yangu, mke wa Deo, aliyevua kitenge chake akanifunga mkono na kukimbia nami kwa bajaji hadi hospitali. Yeye ananidai kitenge kilicholowa damu yangu na hajawahi kulalamika. Katekista mwambie hela ya misa ya kumwombea Baba naikumbuka, ahadi iko palepale. Deo usimpe salamu.

Mama Neema atakuja tena kwako Ijumaa ya kabla ya kikao, saa nane mchana. Hatakunywa chai, nimemkataza. Atanipigia kwa simu yake mlangoni kwako na kukupa uongee. Usiniambie ya mtandao. Usiniambie damu ni nzito, nimeiona, najua uzito wake. Usiniambie Baba alitaka iwe siri. Nataka neno moja. Likiwa "ndiyo", Jumapili nitapiga simu yako katikati ya kikao, uiweke kwa ile sauti yake ya kufika nyumba ya pili, ulirudie. Likiwa "hapana", sitauliza tena, na ungo wako umtafute mwingine wa kukuokotea mchele.

Baba alisema, spika ya kati, saa kumi jioni, wewe ukiwa hatua tatu kutoka kwangu.

Ulisikia, au hukusikia?

Mwanao,
Skola