Kiingilio cha Kumwona Baba wa Bibi Namkunda

Baba,

Shikamoo. Umeshinda, na najua huko uliko unacheka kile kicheko chako cha puani.

Tangu tukuzike, ile nyumba ya udongo uliyoigeuza makumbusho ilinitia hasira. Masika yalikuja, bati likavuja, maji yakatiririka juu ya majembe yaliyofuliwa na babu zetu. Unakumbuka tulivyobishana jikoni, mimi nikisema makumbusho bila kiingilio yatakufa, wewe ukipuliza chai yako na kurudia, "Utamtozaje mtu kumwona mama yake?" Nilikuona mkaidi. Basi ulipoondoka nikaweka meza mlangoni, na bango: KIINGILIO. Niliandika kwa wino mwekundu, tena kwa maringo.

Jumapili ya kwanza, baada ya ibada, akaja Bibi Namkunda, kama alivyokuja kila Jumapili ya uhai wako, kusalimia mivukuto ya marehemu baba yake, ile mifuko ya ngozi ya mbuzi aliyochochea nayo moto wa kufulia chuma. Nikamwonyesha bango. Hakugomba. Alilipa, akaingia, akatoka ameibeba mgongoni kwa kanga kama mtoto anayepelekwa kliniki. "Baba anarudi nyumbani," akasema. "Kule nitamwona bure."

Mbona hukuniambia kwamba vile vitu wenyewe hawakukupa, walikuachia tu uvitunze? Ndani ya wiki moja walikuja wote, mmoja mmoja, kwa adabu kabisa. Walilipa, wakachukua chungu, jiwe la kusagia, kigoda. Ijumaa nilibaki na meza, bango na kitabu cha wageni. Nililia, Baba. Niliona nimekuzika mara ya pili, na safari hii peke yangu.

Jumamosi nikapanda kwa Bibi Namkunda na ndoo ya dengelua, maana kwenda kuomba radhi kwa mzee mikono mitupu usingenisamehe. Alionja ile pombe ya miwa, akasema ilihitaji siku mbili zaidi. Kisha akaniambia, "Mwanangu, umetuomba hela. Mikono hukutuomba."

Nimesoma mpaka chuo, na hilo halikunijia. Mfereji wetu wa maji haujawahi kuwa na kiingilio. Baragumu hupigwa, kila nyumba hutoa mtu, wote wanaingia kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja, na inaisha. Mimi mwenyewe nimebeba mawe ya mfereji ule tangu nikiwa na meno ya utoto, halafu nikakaa mezani kama karani wa ushuru.

Nikaomba mikono, na Jumatano baragumu likapigwa kwa ajili ya nyumba yako. Nilisimama uani nikiwa na hofu kwamba hatakuja mtu. Walikuja, Baba. Walitoka vijiji vya juu, walitoka mpaka Gonja, na majembe begani. Wakaziba bati, wakasiriba kuta, wakachimba mtaro nyuma. Alasiri, kila aliyenawa mikono alikwenda kwake na kurudi na kitu. Vyote vimerudi, pamoja na vingine ambavyo hata wewe hukuwahi kuvigusa. Mfugaji mmoja wa Kimaasai alipanda kutoka tambarare na mkuki ambao babu yake aliununua kwa wafua chuma wetu. Akasema ubaki hapa, ulipozaliwa.

Siku hizi Bibi Namkunda anawafundisha wanafunzi wa shule kuvukuta, na majivu yanaruka mpaka kwenye kitabu cha wageni. Walidhani chuma huzaliwa dukani, Same mjini. Juzi waliondoka wakibishana ni babu ya nani alikuwa fundi zaidi, na mwalimu wao alishindwa kuwanyamazisha.

Watalii wanaopandishwa huku wanalipa, na usinune. Wao hawana mama humu. Hapo nimeshinda mimi.

Nakukumbuka sana jioni, chai inapochemka na hakuna wa kubishana naye. Lakini silii tena ninapofungua ule mlango. Pumzika, Baba. Nakuahidi, maadamu ninapumua, hakuna mtu wa milima hii atakayesimama pale nje akijipapasa mifuko ili akawaone watu wake. Sasa niache, wageni wamefika, na wamekuja wengi.

Binti yako