Beti za Mama

Somo yangu,

Nakuandikia kwa wino uliobaki kwako. Wino umekuwa mzito, na mwandiko wangu si mzuri, usinicheke. Wewe ndiwe uliyenifunda kila kitu tangu nilipovunja ungo, na hizi herufi pia ni zako. Basi nimwandikie nani mwingine?

Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike. Waliokuja kwenye hitima yako walikula vizuri, wakakulilia vizuri, na tangu siku ile hakuna anayepiga hodi ila mwenye kutaka kuazima sinia. Mji wetu wa Amu umejaa watu, Somo, nami sina wa kusema naye. Hasira zangu unazijua: nikikaa kimya siku mbili, ya tatu nagombana na paka.

Nikaona nifanye ulilokuwa ukilifanya. Niliwaomba wasichana watano wa mtaani waje baada ya alasiri, niwafundishe ile hadithi yako ya kuimbwa, ya mama anayemsindikiza pwani bintiye anayeolewa kisiwani Ndau. Unajua haijaandikwa popote. Iko kwangu tu, na mimi sina mtoto. Nikifa nayo, ndiyo basi. Mama zao walikubali kwa shingo upande. Bi Zena alisema wazi kuwa mwanawe angefaidi zaidi kushona kofia. Tukaelewana waje Ijumaa moja kusikiliza, na wakiona ni upuuzi wawachukue watoto wao.

Wasichana wana masikio, mashallah. Wawili wakawa mabaharia, wakipiga sinia la shaba kwa vijiti kama ulivyotuonyesha. Mmoja akawa nahodha, kilemba chake leso yangu, na mmoja jirani mfitini. Mwana Esha, bintiye Bi Zena, akawa bibi harusi. Niliwaambia maneno yako yale yale: "Tezama mato yangu, si kanwa." Wakajifunza kusema kwa macho kabla sauti haijatoka.

Mama wa hadithini sikumpa mtu. Alikuwa wako siku zote. Mimi nilikuwa binti, hata nilipoota mvi. Kila tukifika kwenye beti zake nilinyamaza, nikakusikia wewe moyoni mpaka ubeti ukaisha, ndipo nikampa Mwana Esha ishara aendelee. Nilijiambia kesho nitawafundisha. Kesho ikawa wiki, wiki zikawa sita.

Ijumaa ikafika, ua ukajaa wanawake. Mwana Esha akaanza, akimwomba mama amwachie mkono:

Mama niwate mkono,
chombo kinaningojea.

Kisha kimya. Sinia likatulia. Wote watano wakainamisha vichwa, wakangoja kwa urefu wa ubeti mmoja barabara, halafu Mwana Esha akaingia na ubeti wake wa pili. Tena kimya. Bi Zena akauliza, "Mbona huyu mama haneni? Ni bubu?"

Mwana Esha akamjibu kwa adabu, "La, mama. Hapo huimba, lakini hasikiki. Ndivyo Bi alivyotufunda."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Nilitamani ardhi inimeze, Somo, kwa kuwa nilikuwa nimewafunda watoto wa watu kukungoja wewe.

Nikainuka, nikamshika yule mtoto mkono, nikaimba:

Mwanangu ngoja kidogo,
mato hayajatosheka.

Sauti ilinikatikia njiani. Pale unapopanda wewe, mimi nilishuka. Ningekuwa nakuimbia wewe ungenirudisha mwanzo. Lakini Mwana Esha alinijibu, akanikaza mkono, na nilipoimba tena akanijibu tena. Tangu ufe, ile ndiyo mara ya kwanza nimesema neno la moyoni likapata jibu. Nililia mbele za watu, mimi ambaye kwenye maziko yako walinong'ona kuwa nina moyo mkavu.

Bi Zena hakumchukua mwanawe. Alisema tu kwamba kofia zitashonwa asubuhi.

Sikudanganyi, wasichana wakishaondoka nyumba inarudi kuwa kubwa, na upweke ni ule ule. Lakini nakuahidi: beti za mama nitazifundisha kwa sauti, pamoja na makosa yangu, na kila msichana atakayekanyaga ua huu atazijua. Mola akupe makao mema. Pumzika, Somo. Pale penye beti zako sikungoji tena.

Wako,
Mwanaidi